Mikroplani: chanjo inapopangwa kitongoji kwa kitongoji

Mikroplani ni mpango wa chanjo ulioshuka hadi ngazi ya chini kabisa. Hauishii kwenye mkoa wala wilaya, unataja kitongoji hiki, nyumba zile za ng'ambo ya mto, kambi ya wavuvi inayokaliwa kwa msimu. Unaonyesha pana watoto wangapi, zinahitajika dozi ngapi, nani atabeba chanjo na barafu yake, atakwenda siku gani na kwa chombo gani. Mwaka 2022, polio ilipogunduliwa Malawi, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba Tanzania. Mzazi aliona matone mawili tu mdomoni mwa mtoto, lakini nyuma yake palikuwa na hesabu za aina hii.

Kiini cha mikroplani ni idadi lengwa, yaani watoto wanaotakiwa kufikiwa. Wakati wa amani hupatikana kutoka kwenye sensa na kwa wenyeviti wa vijiji. Vita au mafuriko yakija, watu huhama na takwimu zao hubaki kwenye vitabu vya kijiji walichokikimbia. Hapo ndipo zana za kidijitali zinapokuwa na kazi ya kweli.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni kaskazini mwa Nigeria. Kwa miaka mingi timu za polio zilitegemea ramani zilizochorwa kwa mkono, na vijiji vingine havikuwemo kabisa. Kuanzia mwaka 2012 hivi, picha za setilaiti zilitumika kuchora makazi upya, na watu wakatembea huko kuuliza majina, maana setilaiti haijui mahali panaitwaje. Wachanjaji wakapewa simu zinazorekodi njia wanayopita. Jioni msimamizi aliona kwenye ramani makazi ambayo hayakuguswa, na timu ikarudishwa huko.

Jimbo la Borno, kaskazini-mashariki mwa Nigeria, lilikuwa gumu zaidi. Mwaka 2016 virusi vya polio vya asili, yaani si vile vinavyotokana na chanjo, vilijitokeza tena huko, katika maeneo ambayo wapiganaji wa Boko Haram waliyafunga. Hakuna mchanjaji aliyeweza kuingia kuhesabu. Wataalamu wakalinganisha picha za nyakati tofauti: paa zimeungua na majani yameota, hapo watu wameondoka, shamba limelimwa na paa zipo, bado wapo. Kwa kusoma hivyo walikadiria watoto waliokwama ndani, na baadhi yao walifikiwa na wanajeshi waliobeba chanjo. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa huru dhidi ya polio ya asili.

Hata hivyo picha ya juu huona paa, haioni watu. Nyumba moja inaweza kuwa na familia tatu za wakimbizi, na jirani yake ikawa tupu. Hilo analijua mama wa mtaani, kwa hiyo mikroplani isiyompitia yeye huwa na matundu hata ikiwa na ramani nzuri namna gani. Tena, ramani inayoonyesha walipojificha watu walionusurika ni hatari ikiangukia mikononi mwa wanaowasaka. Inastahili kufungiwa kwa uangalifu uleule wa faili la mgonjwa, na mchanjaji apewe kipande cha eneo lake tu.