Haki hakuzaliwa kipofu

Waingereza wana msemo kwamba haki ni kipofu, yaani sheria haitazami uso wa mtu wala mfuko wake. Wengi huamini kwamba msemo huo umetokana na Warumi wa kale, waliomchora Haki kama mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni.

Sivyo. Kwenye sarafu za Roma mwanamke huyo, Iustitia, yuko macho wazi. Kitambaa kilikuja baadaye sana, tena kwa kejeli. Mwaka 1494 huko Basel, mji wa Uswisi ya leo, mwandishi Sebastian Brant alichapisha kitabu cha kuwacheka wajinga wa zama zake, na mojawapo ya picha zake inaonyesha mjinga akimfunga Haki macho kwa nyuma. Upanga na mizani anavyo mkononi, lakini haoni anampiga nani wala anapima nini. Walengwa walikuwa watu wanaokimbilia mahakamani kwa kila ugomvi, na kwa kweli picha ile inauma hadi leo.

Ndani ya miaka hamsini hivi dhihaka ikageuka sifa. Chemchemi ya Haki mjini Bern, pia Uswisi, ya mwaka 1543, ina sanamu iliyofungwa macho kwa heshima kabisa: asiyeona hawezi kupendelea.

Ajabu ni kwamba London kwenyewe, juu ya kuba la mahakama ya Old Bailey iliyofunguliwa mwaka 1907, sanamu ya Haki iliyopakwa dhahabu haina kitambaa chochote. Watalii hupita chini yake na bado husimulia kwamba amefungwa macho.