"Rio" kwenye ramani ina maana gani?

Rio ni mto kwa Kireno. Kihispania kina neno hilohilo, ila huandikwa Río. Neno hili limesambaa duniani tangu karne ya 15 na ya 16, mabaharia wa Ureno na Hispania walipokuwa wakichora ramani za pwani walizofikia. Jina lilitokana na kilichokuwa mbele yao: rangi ya maji, viumbe waliomo, sikukuu ya kanisa, pengine tamaa tu.

Mwaka 1472 Wareno walifika mlango wa mto Wouri, ulipo mji wa Douala, wakakuta kamba wengi majini. Wakauita Rio dos Camarões, Mto wa Kamba, na kutoka hapo ikapatikana Kameruni. Mto Colorado wa Marekani ni "wenye wekundu", kwa sababu ya matope yake. Río de la Plata, huko Amerika Kusini, ni Mto wa Fedha, ingawa madini hayo hayakuchimbwa pale. Mabaharia walisikia tu habari za utajiri wa bara. Rio de Janeiro, Mto wa Januari, si mto kabisa. Ni ghuba ya Guanabara nchini Brazil, ambayo Wareno waliifikia Januari 1502.

Linalotuhusu zaidi liko Msumbiji. Januari 1498 nahodha Mreno Vasco da Gama aliingia mto wa Quelimane, mabaharia wake wakiugua kiseyeye. Huko walikutana na watu waliovaa vitambaa vya hariri, na kijana mmoja akawaeleza kwa ishara kwamba alikwishaona merikebu kubwa kama zao. Wakajua wameikaribia biashara ya Bahari ya Hindi, wakauita mto Rio dos Bons Sinais, Mto wa Dalili Njema. Jina hilo lingali linatumika. Mimi naliona la thamani kubwa, maana linashuhudia kwamba bahari hii ilikuwa na wenyewe na safari zake kabla ya Wareno kufika.

Miezi michache baadaye merikebu yao São Rafael ilikwama kwenye fungu, penye maji mafupi, karibu na Tanga. Milima iliyoonekana kutoka hapo wakaiita Serras de São Rafael, Milima ya Mtakatifu Rafaeli. Ni Usambara, na hakuna anayeiita vingine. Kilwa, Mombasa na Malindi nazo zilibaki na majina yake, kwa kuwa yalijulikana na kila nahodha, na Mreno mwenyewe aliyahitaji ili aulize njia. Jina la Kireno lililodumu Mombasa ni la kitu walichokijenga wao: Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593.

Guanabara nayo ni jina la wenyeji, la Kitupi, lakini mji uliojengwa pale ukaitwa kwa jina la wageni waliokuja kutawala. Kwa hiyo usidhani jina la ramani ndilo la kwanza, wala kwamba ni moja kwa kila mtu: mto ambao Wamarekani huuita Rio Grande, Wameksiko huuita Río Bravo.

Ukitaka kutambua lugha, tazama neno la mtakatifu. São ni Kireno, kama São Paulo. San ni Kihispania, kama San Francisco. Na ukiandika, Rio Grande inatosha. "Mto Rio Grande" ni kutaja mto mara mbili.