Kanisa lenu halina mfadhili? Majirani bado mnaweza kuwasaidia

Wachungaji wananiuliza swali lile lile karibu kila wiki, dada tutapata wapi mfadhili, watu wanalala njaa hapa jirani na sadaka ya Jumapili haitoshi hata kodi ya ukumbi. Mimi ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii, nazunguka kwenye makanisa yanayoabudu kwa Kiswahili hapa Kampala, upande wa Katwe, Nsambya na Makindye, mengi ni ya ndugu zetu Wakongo ila Waganda nao wamo. Jibu langu huwa linawakera kidogo: mfadhili achaneni naye kwanza. Nyie mna watu wanaoishi mlango kwa mlango na wenye shida, shirika gani lina hiyo? Na shida nyingi za mjini zinataka mtu wa kwenda na wewe kabla hata ya gunia la posho (unga wa mahindi).

Chukua hospitali tu. Ada kwenye vituo vya serikali ilifutwa mwaka 2001, kwa hiyo kwenye karatasi matibabu ni bure, lakini aliyewahi kulaza mgonjwa wadi ya serikali anajua kinachofuata, dawa imeisha kanunue nje, glavu kanunue, alafu awepo mtu wa kumpikia, kumfulia, kumgeuza kitandani na kukimbia famasi saa tano usiku. Sasa mama ambaye ndugu zake wote wamebaki Bukavu, kule Kongo, atamtoa wapi huyo mtu? Hapo ndo kanisa linaingia. Pangeni zamu, mmoja wa mchana mmoja wa usiku, anayekuja abebe uji na sabuni, na angalau mmoja kwenye zamu awe anajua Luganda au Kiingereza maana nesi ana wagonjwa wengi na hana muda wa kubembeleza lugha. Na jamani, msimlundikie yule dada mmoja ambaye hajaolewa eti kwa sababu hana majukumu. Kila kanisa linaye, na kila kanisa linamchosha mpaka anahama.

Wazee pia. Serikali inatoa shilingi 25,000 kwa mwezi kwa raia mwenye miaka 80 na kuendelea, nchi nzima, lakini bila kitambulisho cha taifa hupati, na wengine wanacho ila tarehe ya kuzaliwa imeandikwa vibaya, bibi kizee ana vitukuu na kadi inasema ana miaka 68. Kurekebisha hiyo ni kwenda NIRA, ofisi ya vitambulisho vya taifa, kupanga foleni, kurudi, kuambiwa leta karatasi nyingine, bibi mwenyewe miguu haimbebi. Kijana mmoja wa kwaya mwenye subira na nauli ya boda anaweza kufanya kazi ambayo mkutano wa maombi hautaifanya (samahani mchungaji). Mzee akiwa na kadi ya ubatizo ya zamani nendeni nayo, kwa wengi ndo karatasi pekee ambayo umri wao uliandikwa mapema.

Kwenye chakula mi nina msimamo ambao si wote wanaupenda. Wakati wa lockdown ya 2020 serikali iligawa posho na maharage Kampala na Wakiso, kilo 6 za unga na kilo 3 za maharage kwa kila mtu, na nyumba nyingi zilishukuru kwa kweli, ila maharage yanataka masaa jikoni na makaa ni pesa. Tangu amri ya rais ya 2023 iliyozuia biashara ya makaa kutoka kaskazini, hesabu ya makaa ni jambo la kufikiria kabla hujampelekea mtu maharage makavu. Kwa hiyo kama mmechanga kidogo, mara nyingi ni bora mtume pesa kwenye simu ya mama mwenyewe, anajua leo kinachokosekana ni makaa au ni dawa ya mtoto au ni chumvi tu. Mkituma wekeni na ya kutolea, maana kuna makato ya wakala na kodi ya asilimia 0.5 juu yake, kwa mtu anayehesabu mia mia hiyo inauma.

Na tuache kumwambia mkimbizi "si urudi kambini upate chakula". Anayeishi mjini anajitegemea, hiyo ni kweli, lakini hata kule Nakivale na kwenye makazi mengine ya wakimbizi, tangu 2023 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, iligawa watu kwa viwango vya uhitaji, wengine wakapunguziwa, wengine wakakatwa kabisa.

Kodi ya nyumba sina mengi. Mwenye nyumba akitaka kumtoa mtu kwenye muzigo, yaani chumba cha kupanga, wazee wawili wa kanisa waende wakae naye kwa heshima waombe muda, mara nyingi anapunguza hasira akiona mpangaji ana watu. Sheria ya wapangaji ya 2022 inataka amri ya mahakama kabla ya kumfukuza mtu, ila msianze na sheria, anzeni na salamu, na mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, ajue mapema.

Sasa orodha, hapa ndo makanisa yanagombana. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasema wazi, wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahaulika kwenye mgao wa kila siku, manung'uniko yakaanza, wakachaguliwa watu saba. Yaani hata kanisa la kwanza lilishindwa kugawa kwa haki mpaka likaweka kamati! Nyie mnadhani mke wa mchungaji peke yake na daftari lake ataweza? Wekeni watu watatu au wanne wa makabila tofauti, kina mama wasikose, daftari likae sehemu moja na lisisomwe madhabahuni. Jumapili tangazeni jumla tu, tumesaidia nyumba ngapi, tumetumia shilingi ngapi, majina hapana. Picha ya mama anapokea sukari mkaiweka kwenye status, hapana kabisa, watoto wake wanasoma na watoto wenu.

Ila siri ina mpaka. Mtoto akipigwa vibaya au kunajisiwa hiyo haimalizwi ofisini kwa mchungaji na familia mbili wakipatana mbuzi. Pigeni 116, laini ya Sauti ya kusaidia watoto, ni bure, au nendeni polisi, na mtoto asiachwe nyumba ileile usiku huo.

Wengine wananiuliza na huyu jirani Muislamu, au yule aliyehamia kanisa lingine kwa matusi, naye tumsaidie? Ndio. Na msimpe kadi ya ushirika siku ileile mnayompelekea uji, subirini apone, akitaka kuja atawauliza ibada inaanza saa ngapi.