Je, wajua kwa nini utitiri wa nyoka hurudi hata baada ya kumuosha nyoka vizuri?

Ukiona nyoka wako siku hizi amehamia kwenye bakuli la maji, kajikunja tu humo kutwa nzima, chungulia chini ya bakuli. Vidoti vyeusi kama vumbi la pilipili manga? Ni utitiri waliozama. Jamaa anajitibu mwenyewe, ila kichwa lazima akiache nje apumue na wadudu wanapenda sana kujibana pembeni ya jicho na kwenye mkunjo wa chini ya kidevu, kwa hiyo hawamaliziki.

Sasa watu wengi wanamuosha nyoka, wanaona amekuwa safi, wanafurahi, baada ya wiki mbili tatu wamejaa tena wanaanza kulaumu dawa. Tatizo ni kwamba jike akishashiba damu anashuka, anaenda kutaga kwenye kona za boksi, kwenye nyufa, chini ya magogo, na maishani mwake anaweza kutaga mayai 60 hadi 80. Halafu kabla ya kukomaa huyu mdudu anapita hatua tatu na ni moja tu ndiyo inanyonya, hizo nyingine wala hawana haja na nyoka. Yaani ulichoosha ni wale waliokuja kula tu, familia yenyewe iko ukutani. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, yai linageuka mdudu mzima kwa wiki mbili hivi, ndo maana dawa hairudiwi mara moja tu.

Kwa hiyo pambana na boksi. Tupa matandiko yote, weka karatasi nyeupe, sugua kona kwa maji ya moto sana (nyoka akiwa ametolewa, jamani), punguza unyevu kidogo maana mayai yakikauka hayaanguliwi. Dawa ya kupuliza kama permethrini acha ikauke kabisa ndo umrudishe, na kipimo muulize daktari wa mifugo. Ivermektini, dawa nyingine ya wadudu, usiisogeze kabisa kama unafuga na kobe, inawaua.

Na ukiwa na nyoka kumi, tibu wote kumi hata wale wanaoonekana wazima, kwa sababu hawa wadudu wanatembea boksi hadi boksi, na wanapanda hata kwenye mikono yako. Nyoka mgeni mweke chumba kingine, umhudumie wa mwisho. Ile karatasi nyeupe usiitoe mapema, vidoti vikirudi utaviona hapo kwanza.