Itikadi ya Al-Qaeda: adui wa mbali, takfiri na kiapo

Al-Qaeda ilianzishwa mwaka 1988 mjini Peshawar, Pakistan, na Osama bin Laden na wenzake waliokwenda kupigana na Wasovieti nchini Afghanistan. Ukiitazama kama jeshi lenye kambi na kamanda mmoja hutaielewa, maana kilichosambaa zaidi ni fikra.

Fikra ya kwanza ni ya adui wa mbali. Wanadai kwamba watawala wa nchi za Kiislamu hawataanguka mpaka Marekani inayowabeba ipigwe kwanza. Februari 1998 Bin Laden na Ayman al-Zawahiri, Mmisri aliyekuja kumrithi, walitoa tamko la kuhalalisha kuuawa kwa Wamarekani popote walipo, askari na raia. Agosti 7 mwaka huohuo mabomu yakalipuka kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi pekee walikufa watu 213. Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote ni Wakenya, wakiwemo wanafunzi wa uhazili waliokuwa darasani katika jumba la Ufundi, jirani na ubalozi. Hao ndio waliolipia hesabu ya adui wa mbali.

Fikra ya pili ni takfiri: kumtangaza Mwislamu kuwa kafiri, kisha damu yake ihesabiwe halali. Kwetu Mumias, magharibi mwa Kenya, Uislamu ulikita mizizi enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kupitia wafanyabiashara wa pwani, na ukoo mmoja una Waislamu na Wakatoliki. Kwenye matanga ng'ombe huchinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale. Mwenye takfiri anaona undugu huo ni uasi, na Mwislamu aliyeajiriwa na serikali ni msaliti. Viongozi wa Al-Qaeda waliwatangazia takfiri hasa watawala, lakini tawi lao la Iraq lilifika hadi kuua Mashia wa kawaida sokoni. Mwaka 2014 mabaki yake yalitengana nao yakiitwa Dola la Kiislamu. Wanazuoni wapatao 200 waliokutana Amman Julai 2005 waliikataa takfiri ya namna hiyo waziwazi.

Mtandao huenea kwa kiapo cha utii. Kundi lenye ugomvi wake wa nyumbani huapa, likapata jina na mafunzo. Ndivyo yalivyo matawi ya Yemen, ya Sahel, ukanda wa kusini mwa Sahara, na Al-Shabaab ya Somalia, iliyotangaza kiapo chake Februari 2012. Bin Laden aliuawa 2011, al-Zawahiri 2022, na matawi hayakukauka. Huku kwetu anayewinda vijana si lazima aanze na dini. Mara nyingi huanza na ahadi ya kazi, kwa hiyo mzazi aulize kazi hiyo ni ya nani na iko wapi.

Desemba 2015, Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakagoma. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata.