Je, wajua kwamba paka huchangiana damu?

Kidonge kimoja tu cha panadol kinaweza kumuua paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama ini la binadamu, basi sumu hubaki mwilini ikaharibu chembe nyekundu. Damu hugeuka rangi ya kahawia, haibebi tena oksijeni ipasavyo. Uso huvimba, pumzi humpaa. Paka huyo, au aliyekula sumu ya panya akawa anavuja damu kwa ndani, au mtoto wa paka aliyefyonzwa na viroboto mpaka ufizi ukawa mweupe, huenda asipone bila kuongezewa damu. Na damu hiyo hutoka kwa paka mwenzake.

Lakini si paka yeyote. Nao wana makundi ya damu: A, B na AB. Kundi O halipo, kwa hiyo hakuna paka anayeweza kuwachangia wote. Walio wengi ni A. Kundi B huonekana zaidi kwenye aina za paka kama British Shorthair na Devon Rex, ilhali paka wa Siam karibu wote ni A. AB ni adimu.

Mbwa anapoongezewa damu kwa mara ya kwanza, kwa kawaida mwili wake huipokea hata kama kundi halilingani. Paka sivyo. Yeye huweza kubeba kingamwili, yaani askari wa mwili wanaoshambulia kitu kigeni, dhidi ya kundi lisilo lake hata kama hajawahi kuguswa na damu ya mwingine, na za paka wa B ndizo kali zaidi: mililita chache za damu ya A zinaweza kumuua. Kinachonihuzunisha zaidi ni kwamba kingamwili hizo hupita hata kwenye maziwa ya kwanza. Mama wa B akizaa watoto wa A, huzaliwa wazima, hunyonya vizuri, kisha huanza kufa mmoja mmoja ndani ya siku chache, na mwenye paka asijue kilichowaua.

Anayechangia huwa paka mzima wa afya, asiye mdogo wala mzee, mwenye kilo zaidi ya 4 zisizo za unene, aliyechanjwa, asiyezurura nje, na aliyepimwa virusi vya leukemia (saratani ya damu) ya paka na vya upungufu wa kinga. Kwa kuwa hatatulia, hupewa dawa ya kumsinziza, hunyolewa shingoni, na damu huvutwa polepole kwa sindano yenye dawa ya kuzuia isigande. Paka wa kilo 5 ana damu ya mililita 300 hivi. Huchukuliwa kama 50, yaani vijiko vikubwa vitatu na kidogo. Binadamu hutoa 450. Kwa kuwa paka hawezi kusema ndiyo wala hapana, mimi naona aliye mwoga aachwe tu, hata kama damu yake inafaa.

Na asipopatikana paka wa kuchangia? Madaktari wa mifugo wamewahi kutumia damu ya mbwa. Paka hana kingamwili za asili dhidi yake, hivyo mara ya kwanza mwili huipokea. Baada ya siku 4 hivi chembe hizo huanza kuangamizwa, na akirudiwa baada ya wiki moja anaweza kufa papo hapo. Hizo siku chache ndizo anazopata daktari za kumtafuta paka wa kundi linalofaa.