Unataka tairi kubwa kwenye AWD? Funga zote nne au acha

Pesa ya korosho ikianza kuingia, maswali yanayoletwa kwenye karakana ya chuo hapa Mtwara yanafanana sana: mwalimu, nataka nifunge tairi kubwa kidogo gari inyanyuke, njia ya shambani Tandahimba mchanga mtupu, itakubali? Gari zenyewe ni Forester, X-Trail, RAV4, hizi hizi za AWD, yaani zinazovuta kwa tairi zote nne. Jibu letu ni kwamba kutoka nje ya saizi ya kiwandani siyo dhambi, dhambi ni kufunga mbili.

Hapo ndio watu wanaingia mkenge. Mtu ana hela ya tairi mbili, anafunga nyuma mpya za saizi ya juu, mbele anaacha zile zilizokaribia kipara, anasema malipo ya pili yakitoka namalizia. Kwenye Hilux ile ya kuingiza fowili (4WD) mwenyewe hapati shida sana, maana kwenye lami mbele na nyuma hazijaunganishwa, kwa hiyo ushauri wa jirani mwenye Hilux usiubebe mzima mzima. AWD inaunganisha mbele na nyuma yenyewe, nyingine muda wote, nyingine kompyuta ikiamua, na katikati kuna difu au klachi inayoogelea kwenye oili. Tairi ndogo inazunguka mara nyingi kuliko kubwa kwa umbali ule ule, sasa hata ukiwa umenyoosha zako kwenye lami ya kwenda Masasi ile klachi inaona kama tairi zinateleza, inasuguana njia nzima, inapata moto, oili inaungua, na mwisho wa siku unatafuta giaboksi ya mtumba Dar. Dalili yake ukikata kona kali taratibu, mfano unapaki, gari inakuwa nzito na kustukastuka kama kuna mtu kashika breki.

Subaru wanataka tofauti ya mzingo (urefu wa kuzungushia tairi) kati ya tairi zako isizidi robo inchi, kama milimita 6 tu. Tairi mpya nyingi zina kashata (meno ya tairi) ya kina cha milimita 8 hivi na ikibaki 1.6 imeisha, kwa hiyo mpya na iliyoisha zinaachana karibu milimita 40 za mzingo hata kama ubavuni zimeandikwa saizi moja! Azima futi ya fundi cherehani, nyanyua gurudumu kwa jeki, zungushia katikati ya kashata, linganisha zote nne. Ukinunua used ndio upime kabisa, na usome zile tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi, 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019.

Saizi yenyewe sasa. 215/65R16 ni upana milimita 215, ubavu asilimia 65 ya huo upana, rimu inchi 16, jumla kimo kama milimita 686. Ukienda 215/70R16 unapata 707, ongezeko la asilimia 3, na hapo ndio mwisho tunaoshauri. 225/70R16 inafika 721, asilimia 5, itaanza kula madigadi ukikata usukani mpaka mwisho au ukipakia magunia, gari inakuwa nzito kuondoka, na spidomita ikisoma 100 wewe uko 105 (tochi ya trafiki haijui kama umebadilisha tairi). Na gari inanyanyuka nusu tu ya hilo ongezeko, kwa 707 ni milimita 10 na kitu, chini ya unene wa kidole, watu wengi wakisikia hivi wanaghairi.

Kwa mchanga wa Msimbati kupunguza upepo kunasaidia kuliko tairi kubwa, shusha zote nne hadi psi 20 hivi, endesha polepole, na ujaze tena kabla hujagusa lami.

Spea nayo inunuliwe saizi mpya. Ukipata pancha Newala ukafunga ile ya zamani, nenda taratibu mpaka kwa fundi wa karibu tu, usiende nayo Lindi. Subaru nyingi za zamani za otomatiki zina kijitundu cha fyuzi kimeandikwa FWD chini ya boneti, chomeka fyuzi pale gari ivute kwa mbele peke yake na hiyo spea ikae nyuma, ukisharudisha tairi yako uichomoe.